Maswali ya Wasomaji: Gereza Lisilo na Seng'enge

SWALI: Mhariri, nimesoma The Hunger Games ya Suzanne Collins, kisha The Giver ya Lois Lowry. Katika ya kwanza kuna seng'enge, askari na njaa. Katika ya pili watu wanashiba na kuombana radhi kwa adabu, lakini hiyo ndiyo iliyonibana kifua zaidi. Je, nimeisoma visivyo? Na je, Jonas, mhusika mkuu wa The Giver, aliokoka mwishoni?

JIBU: Hukuisoma visivyo hata kidogo. Uzio, pamoja na ukali wake wote, una udhaifu mmoja: aliyefungiwa anajua kwamba amefungiwa. Rudia kurasa za mwanzo za riwaya ya Collins (2008), pale Katniss, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, anaposimama kando ya uzio unaodaiwa kuwa na umeme saa 24, akitega sikio asikie kama waya zinavuma, na akisikia kimya analala kifudifudi na kupenya chini yake, mahali palipolegea kwa miaka mingi. Ni mfungwa, ila anaijua tundu ya gereza lake.

Jonas, mwenye umri wa miaka 12, hana waya wa kuutegea sikio. Katika The Giver (1993), jamii yake iliacha rangi, kumbukumbu na hiari ili isipate maumivu, na tangu hapo kazi ya ukuta inafanywa na msamiati. Mzee akifikia ukomo wake, au mapacha wakizaliwa na mmoja akawa na uzito mdogo kuliko mwenzake, husemwa "ameachiliwa", neno lile lile tunalomwambia mfungwa anayetoka jela. Kisha Jonas anaonyeshwa rekodi ya baba yake akimdunga yule pacha mwenye uzito mdogo sindano ya kuua kwenye mshipa wa paji la uso, huku akimsemesha kwa sauti ya kubembeleza. Baba huyo hana chuki. Anatimiza kazi yake, na hana jina jingine la kukiita kitendo hicho. Hapo ndipo kifua kinapobana, na kwa maoni yangu waandishi wengi waliofuata walikuwa wepesi mno wa kujenga kuta, wakaiacha lugha bila kuigusa.

Kuhusu Jonas, mwisho wa kitabu umeachwa wazi kwa makusudi, ila Lowry anamrejesha akiwa hai katika Messenger (2004) na Son (2012).