Mzio wa korosho: majibu kwa wasomaji

Mwanangu wa miaka minne alikula kashata ya korosho, midomo ikavimba, akatapika. Nimjaribu tena kidogo?

Usimjaribu nyumbani, mama. Mwandikie daktari alichokula, kiasi gani, na dalili zilianza baada ya dakika ngapi. Maelezo hayo yana uzito kuliko kipimo chochote. Kwenye kipimo cha ngozi, ngozi huchomwa kidogo kupitia tone la korosho na, kwa kulinganisha, tone la maji ya chumvi; uvimbe wa korosho uliozidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi baada ya dakika 15 huhesabika kuwa ishara ya mzio. Setirizini (vidonge vya kutuliza mzio) na dawa za aina yake ziachwe siku 5 hadi 7 kabla, la sivyo ngozi haitajibu. Kwa sasa mwepushe na pistachio pia, maana protini zake zinafanana mno na za korosho.

Kipimo cha damu kinasema nina mzio wa karanga, nami nazila kila wiki bila shida.

Endelea kuzila. Kipimo kinaonyesha kwamba kinga ya mwili inazitambua karanga, hakithibitishi kwamba zitakudhuru.

Setirizini inatosha?

Inatuliza vipele na muwasho tu. Koo likibana, pumzi ikikoroma au mtu akilegea, dawa ni adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita, ichomwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Dozi ni mililita 0.01 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 15 apate 0.15, mtu mzima asizidi 0.5. Hali isipobadilika baada ya dakika 5, rudia. Alale miguu ikiwa juu (anayehema kwa shida akae), wala asisimamishwe ghafla, kwani presha inaweza kuporomoka. Kisha hospitali, hata akipata nafuu. Dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Pasipo kalamu ya adrenalini (sindano iliyokwisha kujazwa dozi), mwombe daktari akupe ampuli na bomba la mililita 1, akufundishe kuvuta dozi. Bomba la insulini lisitumike: sindano yake ni fupi, haifiki msulini. Wengi huumia kwa sababu ya kusubiri vidonge vifanye kazi.

Nabangua korosho, mikono inababuka. Ni mzio huohuo?

Hapana, ni mafuta makali ya ganda. Vaa glavu, ukipata malengelenge, nenda zahanati.

Na nazi?

Wengi wenye mzio wa korosho huila salama. Januari 2025 Marekani iliiondoa kwenye kundi la korosho na lozi katika mwongozo wake wa lebo za vyakula.