Nyota ya juu ya mti wa Krismasi: itengeneze kama tiara

Dada, umeuliza mambo matatu: kama nyota ya juu ya mti inaweza kutengenezwa nyumbani na watoto bila gharama, kwa nini ile ya boksi uliyotengeneza mwaka jana ilikuwa inalala upande kila ukiinyoosha, na kama malaika angefaa zaidi. Nianze na hilo la kulala, maana ukilielewa hilo mengine ni kazi ya jioni moja.

Miti tunayopamba wengi wetu ni tawi la mvinje au mti mdogo wa msindano uliokatwa na kusimamishwa kwenye ndoo ya mchanga. Kilele chake ni chembamba kama penseli, tena kibichi. Hakibebi kitu. Krismasi yangu ya kwanza nikiwa na nyumba yangu hapa Dar nilimwomba fundi seremala wa mtaani anikatie nyota ya plaiwudi. Akaikata safi kabisa, nikaipaka rangi ya dhahabu, nikaifunga kwa waya. Kufika saa mbili usiku mti umeinama kama mzee anayesinzia kwenye mahubiri. Alfajiri tukaikuta nyota sakafuni na kilele kimevunjika. Boksi nalo ni lile lile: likiwa jepesi linakunjika, ukilibandika matabaka lipate nguvu linakuwa zito.

Nilikuja kushtuka kwamba jibu nalijua tangu utotoni. Nimekulia Tukuyu, lakini likizo nilikuwa naletwa kwa shangazi huku Dar, na huku ndiko nilikojifunza kutengeneza tiara, yaani kishada cha kurusha kwenye upepo: njiti za chelewa, uzi, karatasi, na ugali badala ya gundi. Tiara ni kubwa, imara, na haina uzito. Basi nyota yako itengeneze hivyo hivyo.

Chomoa njiti 10 kwenye fagio jipya la chelewa, lile la zamani limeshakauka na litakatika. Tumia upande mnene tu, kila njiti sentimita 30. Hapa ndipo watu wengi wanapotafuta protrakta na kuanza kubishana na watoto kuhusu nyuzi 72. Huhitaji. Kila njiti iwekee alama mbili kwa kalamu: sentimita 11.5 kutoka ncha hii, na 11.5 kutoka ncha ile. Katikati zitabaki 7. Sasa panga njiti tano zikatizane, kwa kanuni moja tu: ncha ikutane na ncha, alama ilale juu ya alama. Zikikubali zote tano, nyota imenyooka yenyewe, huwezi kukosea hata ukitaka. Funga kila makutano kwa uzi wa kushonea na tone la gundi. Ukitaka nyota ya ukubwa mwingine, zidisha urefu wa njiti kwa 0.38, utapata mahali pa kuweka alama. Mwanangu wa darasa la tano alidhani ni uchawi, nikamwacha aamini hivyo kwa siku mbili.

Tengeneza fremu ya pili kama hiyo. Zilaze moja juu ya nyingine, uzifunge pamoja kwenye zile ncha tano za nje tu. Kisha kata vijiti vya mishikaki vipande vitano vya sentimita 5, uvisimamishe katikati ya fremu mbili, kimoja kwenye kila makutano ya ndani. Njiti zitapinda na nyota itatuna tumbo. Wafilipino hutengeneza taa zao za Krismasi, zinaitwa parol, kwa mtindo huu huu, ila wao hutumia mianzi. Mianzi nilijaribu, tulikuwa nayo kwa wingi nyumbani Tukuyu, lakini usipoichonga nyembamba sana inagoma kupinda, na wembe mikononi mwa watoto sitaki.

Kufunika: msinunue chochote. Pakiti za krispi zina rangi ya fedha upande wa ndani. Zipasue, zioshe kwa sabuni mafuta yatoke, zikaushe. Bandika kwenye zile pembe tatu tano za mbele, na katikati weka kipande chekundu au cha kitenge chepesi. Ubavuni acha wazi. Kati ya fremu ya nyuma pia acha wazi, mkono wako utapita hapo wakati wa kufunga.

Gundi: hapa nilijifunza kwa hasara. Mwaka wa kwanza wa nyota ya njiti nilitumia karatasi na gundi ya unga wa ngano, vijiko viwili kwenye kikombe cha maji, unakoroga motoni mpaka iwe uji mzito. Inashika vizuri sana. Januari nikaiweka nyota juu ya kabati. Desemba nikashusha mifupa, panya walikula karatasi na gundi, wakaniachia njiti. Kwa hiyo tumia gundi nyeupe ya maseremala.

Kuisimamisha sasa. Kwenye ile kona ya chini ya katikati, kati ya miguu miwili ya nyota, kilele cha mti kiingie katikati ya fremu mbili, kipite pembeni ya kijiti cha mshikaki kilichopo hapo, kifike juu hadi kwenye njiti inayolala mlalo. Funga sehemu mbili, chini kwenye kijiti na juu kwenye njiti ya nyuma. Kutoka kifundo hadi kifundo ni kama sentimita 11, basi pogoa majani ya kilele kwa urefu huo na kidogo zaidi. Ile yako ya mwaka jana nina hakika ulifunga sehemu moja, ndiyo maana ilikuwa inazunguka. Kilele kikiwa laini mno, kifungie kijiti kizima cha mshikaki kama banzi la mguu uliovunjika.

Taa ukiweka, ziwe zile ndogo za LED, na kasha la betri lifungwe chini kwenye shina, si juu. Mshumaa usithubutu, mvinje mkavu unawaka vibaya.

Malaika? Anafaa, na kwa kweli ni rahisi kuliko nyota, kwa sababu sketi yake ni koni inayovaa kilele bila kufungwa. Maganda ya mahindi yaliyolowekwa majini yanakunjika bila kukatika na yakikauka yanabaki na umbo. Ila uso wa malaika wangu ulitoka kama wa mtu mwenye jino linalouma, watoto walicheka wiki nzima, nikarudi kwenye nyota.

Kuna mwingine aliyekujibu kasema ujaribu ile nyota ya Wamoravian yenye pembe nyingi. Mimi ni Mmoravian, kanisa letu liko Rungwe tangu 1891, na naipenda sana nyota hiyo. Ilianza karne ya 19 kule Niesky, Ujerumani, kwenye shule ya Wamoravian, ikiwa zoezi la hesabu la wanafunzi. Sasa hesabu mwenyewe: pembe 17 za kitako cha pande nne, 8 za pande tatu, jumla 25, na nafasi ya 26 inaachwa tupu ili ining'inizwe. Nilifika pembe ya tisa. Hiyo ni ya kutundika barazani, kilele cha mvinje hakiiwezi.

Anza wikendi ya kwanza ya Desemba, maana na joto na unyevu wa huku gundi inachukua usiku kucha kushika sawasawa. Na fagio nunua mawili, mama mkwe wangu bado ananidai lake.