Watamu Mwezi wa Mei: Nenda na Viatu vya Kuloa

Mara ya kwanza nilikwenda Watamu, kwenye pwani ya Kenya, mwezi wa Mei kwa sababu ya bei tu. Chumba kilichonishinda Desemba kwa shilingi 9,000 nilikipata kwa 4,500, chai ya asubuhi ndani. Nilichosahau kuuliza ni kwa nini. Nilikuta ufuo umefunikwa na mwani, bahari rangi ya chai ya maziwa, na bwawa la kuogelea halina hata tone, mafundi wamo ndani wanapaka rangi. Mlinzi akanipa pole: "Dada, huu ndio wakati wetu wa kukarabati."

Kwa hiyo ukipiga simu kuulizia chumba, usiishie kwenye bei. Uliza kama jiko linawashwa na kama kuna wageni wengine. Hoteli nyingi hapa hufunga mwishoni mwa Aprili hadi Julai hivi, na kukaa peke yako kwenye jumba la vyumba 40 usiku wa radi si raha.

Halafu achana na mashua. Kijana mmoja alinipeleka kwenye hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa mwaka 1968, ati nikaone samaki. Upepo wa kusi unavuma, maji yamevurugika, na kwa nusu saa nzima nilichoona ni vidole vyangu. Tuliporudi, mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alicheka: "Samaki wapo, binti yangu. Wao wanakuona, wewe huwaoni." Mambo hayo ni ya kaskazi, Novemba hadi Machi.

Ila bahari inaweza kutembelewa kwa miguu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yakipwa unavuka mchangani hadi kwenye visiwa vya mawe vilivyo mbele ya ghuba. Muulize mvuvi saa ya maji kupwa, siyo mtu wa mapokezi. Vaa viatu, kuna miba. Na siku hizo ndizo za kuulizia pweza, maana akina mama huwatoa mwambani maji yakikauka. Samaki wa kusi ni wa bahati. Kula kilichoingia leo.

Lakini kama una siku moja tu isiyo na mvua kubwa, ipeleke Gede, kwenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Matatu za Mombasa kwenda Malindi hupita pale, na tuktuk kutoka Watamu ni mwendo mfupi. Magofu yako ndani ya msitu, na Mei hiyo tulikuwa wageni watatu na kundi la kima. Mwongozaji hakuwa na haraka ya kupokea basi lingine, kwa hiyo alitusimamisha kwenye kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, hadi kila mmoja akaipata namba kwa macho yake. Mvua ikatukuta kwenye jumba la mfalme, ambalo halina paa. Tukajibanza chini ya tao la mlango. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo picha za Desemba hazikuonyeshi: matumbawe yaliyojengea kuta yakiloa, maua yake yanatokeza, ukuta mzima kama umetariziwa. Mwongozaji akatuambia kwamba sababu mojawapo inayotajwa ya watu kuuhama mji huu ni maji ya visima kushuka. Tulitazamana, tumelowa chapachapa, tukacheka. Tangu 2024 Gede iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, kwa hiyo utulivu huo sijui utadumu miaka mingapi.

Nyumba ya vipepeo iko hapo hapo. Ingia jua likitoka, kwenye mvua wanajificha tu chini ya majani.

Kasa nao wengi hutaga miezi hii. Usizunguke ufuoni usiku na tochi kuwatafuta, utawatisha warudi baharini bila kutaga. Nenda mchana kwa watu wa Local Ocean Conservation, shirika la kuhifadhi kasa, ambao wamelinda viota tangu 1997, wakuonyeshe wale wanaotibiwa.

Kuhusu bei za tuktuk na waongozaji, najua utajaribiwa kukandamiza kwa kuwa hakuna wateja. Mimi sikandamizi. Mtu huyo amekaa tangu asubuhi bila abiria, na ndiye atakayekurudishia simu uliyoisahau kwenye kiti. Nasema hivyo kwa sababu nimerudishiwa.

Jioni, Dabaso, kwenye mikoko ya Mida, wenyeji hukaanga sambusa za kaa. Agiza kabla hujaanza kutembea kwenye njia ya mbao, kwa sababu wasipokuwa na wageni hawasukumi unga mapema. Sikujua, nikasubiri karibu saa nzima, maji yakijaa chini ya mbao na mbu wakinila kwanza.