Fyuzi ya sabufa ikae karibu na betri

Ilikuwa saa moja jioni, foleni ya Mwenge haisogei, mwanangu akasema kutoka kiti cha nyuma, "Baba, kuna kitu kinanuka." Nikadhani ni daladala iliyokuwa mbele yetu. Mara moshi mwembamba ukatokea chini ya dashibodi, una harufu ya plastiki inayoungua.

Nilizima gari, nikamtoa mtoto, nikafungua boneti. Waya mwekundu wa sabufa ulikuwa umelainika ganda lote, na ulizidi kutoa moshi. Kuzima gari hakukusaidia, kwa sababu waya ule hutoka kwenye betri moja kwa moja bila kupitia swichi. Mimi sikuwa na spana hata moja. Dereva wa bajaji ndiye aliyekuja mbio na spana namba 10, akalegeza kichwa cha betri na kukichomoa kabla moto haujashika. Tangu siku hiyo spana hiyo haitoki kwenye mfuko wa mlango wangu.

Gari ni Toyota IST. Nilikuwa nimefungiwa sabufa ya inchi 12 na amplifaya miezi minne kabla, na muziki ulipiga vizuri mno. Fyuzi kubwa ilikuwepo. Ila fundi aliifunga kwenye buti, pembeni ya amplifaya, kwa kuwa huko kuna nafasi. Nimeshafungua maboneti ya jamaa zangu kadhaa tangu hapo, na kosa hilohilo nimelikuta zaidi ya mara moja. Ndiyo maana naandika.

Fyuzi ile kazi yake ni kulinda waya. Amplifaya nyingi huja na fyuzi zao wenyewe ubavuni. Kutoka betri hadi buti ni mita kadhaa za waya unaopita kwenye mabati, chini ya zulia, kando ya viti. Bodi nzima ya gari imeungwa na upande wa hasi wa betri, kwa hiyo popote waya ule utakapochubuka na shaba kugusa bati, ni shoti, na betri inaweza kumwaga mamia ya ampia papo hapo. Sasa kama fyuzi iko nyuma, umeme huo haufiki kwenye fyuzi. Unatoka betri, unaishia pale palipochubuka, na fyuzi inabaki nzima huku waya ukiwaka. Wangu ulichubukia kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na miguu ya abiria. Ulipitishwa bila mpira wa kuukinga na makali ya tundu, na mtikisiko wa barabara ukausaga taratibu.

Basi mwambie fundi fyuzi ikae mbele, waya kati yake na betri usizidi sentimita 45, na kila tundu la bati liwe na mpira wake. Simama hapo uone kwa macho yako. Kabla hajagusa chochote, achomoe kwanza upande wa hasi wa betri. Akianza na chanya, spana ikigusa bodi itapiga cheche mikononi mwake.

Unene wa waya na ukubwa wa fyuzi vinapigiwa hesabu. Usidanganywe na wati elfu mbili zilizoandikwa kwenye boksi, tafuta namba ya RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Amplifaya yangu ni wati 500 RMS, klasi D, aina ambayo hupoteza takriban asilimia 20 ya umeme kama joto. Kwa hiyo ikipiga kwa nguvu zote inavuta wati 625 hivi. Gawa kwa volti 13.8 za gari linalounguruma, unapata ampia 45. Mara ya pili nilifunga fyuzi ya ampia 60 na waya wa geji 4 wa shaba tupu. Kumbuka namba ya geji ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi. Seti nyingi za bei rahisi huwa na alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini.

Waya wa ethi, ule unaounga amplifaya na bodi ya gari, uwe na unene sawa na ule mwekundu, uwe mfupi, na ukazwe kwenye bati la bodi lililopigwa msasa mpaka rangi yote itoke. Bolti ya mkanda wa kiti isiguswe. Waya mwembamba wa kuwasha amplifaya, mara nyingi wa bluu, utoke kwenye redio. Ukiunganishwa na umeme usiozimika, amplifaya hulala macho na asubuhi betri imekufa. Zile nyaya za sauti zipite upande mwingine wa gari, zisilale pamoja na waya mwekundu, la sivyo utasikia mlio unaopanda kila ukikanyaga mafuta.

Mwenye Prius ajue betri ya volti 12 mara nyingi iko nyuma, na nyaya za rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa unaoua. Hapo tafuta fundi anayeyajua magari ya haibridi.

Boksi la sabufa nalo lifungwe kwa mikanda au bolti. IST haina ukuta kati ya buti na kiti cha nyuma, na boksi la kilo 20 likirushwa kwenye ajali linawafuata waliokaa hapo.

Baada ya wiki moja, piga muziki nusu saa, zima gari, ushike kasha la fyuzi kwa mkono. Likiwa la moto, kuna mahali pamelegea: chomoa hasi, kaza upya, kisha rudia kushika wiki inayofuata.