Tabora: mzee haulizwi mwaka

Mwanafunzi wa historia anayekuja Tabora kukusanya masimulizi kwa ajili ya tasnifu huharibu kazi kwa swali moja: "Mzee, hiyo ilikuwa mwaka gani?" Mzee mwenye adabu hamnyimi mgeni jibu. Atakutajia mwaka, nawe utaondoka na tarehe aliyokupa kwa heshima tu.

Uliza kwa matukio. Mkutano wa TANU wa kura tatu, yaani kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ulifanyika hapa hapa Tabora Januari 1958. Kisha kuna Uhuru, 1961; Azimio la Arusha, 1967; kuhamia vijijini, katikati ya miaka ya 1970; Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Kwa bibi, uliza: "Mlipohamia kijiji kipya, ulikuwa umembeba nani mgongoni?" Mtoto huyo huenda ana cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki. Hapo mwaka umeupata, ukikosea ni kwa mmoja au miwili.

Habari za watemi, yaani watawala wa jadi wa Wanyamwezi, kama Mirambo, aliyefariki Desemba 1884, au Isike, aliyelipua baruti ngomeni mwake Januari 1893 Wajerumani walipomvamia, hakuna aliye hai aliyeziona. Basi uliza: "Ulisikia kwa nani? Na yeye alisikia wapi?" Uyaandike majina yote. Tarehe kamili mno ni dalili ya kitabu. Ukiambiwa Stanley alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, hiyo ni hesabu ya Stanley, na ya Livingstone haikubaliani nayo.

Kabla ya yote, barua. Ya chuo ipeleke mkoani, ushuke wilayani, kwa mtendaji wa kata, hadi kijijini, na kila hatua ubaki na nakala. Mgeni asiye na barua akiuliza mipaka ya zamani, watu hudhani amefuata ardhi, wananyamaza. Na usije masika. Watu wako shambani. Juni hadi Oktoba ndiyo nafasi.

Simu ya kurekodi iweke juu ya kanga iliyokunjwa, katika hali ya ndege, maana simu ikiingia inaweza kukata sauti katikati ya sentensi. Saa moja ya mazungumzo huweza kula saa sita za kuandika. Andika Kinyamwezi kwanza, Kiswahili pembeni, na neno "mtemi" liache lilivyo. Ukiandika "chifu" umemwingiza Mwingereza katika habari za miaka ambayo hajafika.