Tiger I ya 1/16 kuwa Tiger 131: anza na minyororo, mnara baadaye

Mkuu, kama nimekuelewa, una seti ya modeli ya Tiger I, kifaru cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili, kwa kipimo cha 1/16, ile ya kuendeshwa kwa rimoti, na unataka iwe Tiger 131, kifaru ambacho Waingereza walikiteka Tunisia Aprili 1943. Unauliza ununue kupola ipi (kile kibanda kidogo cha kamanda juu ya mnara, sehemu inayozunguka na mzinga) na mzinga upi wa chuma. Hivyo viache kwanza. Ugumu wa kazi hii uko sehemu ya chini ya kifaru: minyororo, magurudumu na kimo cha bodi, yaani mwili wa kifaru, kutoka ardhini. Ukimaliza pesa kwenye mnara halafu ukagundua minyororo ni ya kifaru cha 1944, kila anayeijua Tiger ataliona kosa hilo kabla hajaufikia mnara.

Kabla ya kushika msumeno, kubali kwamba unajenga kifaru kimoja cha mwezi mmoja. Kampuni ya Henschel ya Kassel, Ujerumani, iliunda Tiger I kuanzia Agosti 1942 hadi Agosti 1944, na kiwanda kilikuwa kikibadilisha vipande kazi ikiendelea. Kupola ya pipa yenye nyufa 5 za kuonea ilidumu hadi Julai 1943, ikaja ya kumiminwa yenye periskopu 7. Mabomba ya kurushia makopo ya moshi ubavuni mwa mnara yaliondolewa katikati ya mwaka huohuo. Zimmerit, ule mpako wa mistarimistari wa kuzuia mabomu ya sumaku, ulianza kupakwa mwishoni mwa kiangazi 1943. Magurudumu ya chuma yalikuja Februari 1944, na darubini ya mpiga mzinga ikatoka matundu mawili kwenda tundu moja Aprili 1944.

Tiger 131 ilitoka kiwandani Februari 1943. Kwa hiyo: kupola ya pipa, mabomba ya moshi matatu kila upande, taa mbili za mbele, matundu mawili kwenye ngao ya mzinga, vichujio vya hewa vya Feifel nyuma, magurudumu ya mpira, mlango wa dharura nyuma kulia kwa mnara, na hakuna Zimmerit hata kidogo. Kuna mtu atakuonyesha picha ya Tiger yenye kupola ya pipa na magurudumu ya chuma. Picha hizo ni za kweli, lakini ni vifaru vya zamani vilivyorudi kufanyiwa ukarabati mkubwa. Havikuhusu.

Sasa chukua kalipa, upime seti kabla ya kuunganisha. Bodi bila mzinga ilikuwa mita 6.316, yaani milimita 395 kwa 1/16. Ukielekeza mzinga mbele, urefu wote ni mita 8.45, sawa na milimita 528. Upana mita 3.705, milimita 231.6. Kimo mita 3, milimita 187.5. Ikiwa mzinga unatokeza mbele ya bodi chini ya milimita 130, ni mfupi. Hapo ndipo mzinga wa chuma unapostahili pesa yako, na hakikisha unakuja na breki kubwa ya mdomo (kipande cha mdomoni mwa mzinga cha kupunguza kishindo cha kurudi nyuma), maana breki ndogo ni ya 1944.

Minyororo. Ya vita ilikuwa na upana wa milimita 725, kwako 45.3. Pingili ni 96 kila upande, na kutoka pini hadi pini ni milimita 130, yaani 8.1 kwako. Usipime pingili moja, nyosha kumi: zikitoa milimita 81 uko salama. Zikitoa 83 au 84, usizifunge kwenye gia ya seti yako ukidhani zitazoea. Kosa dogo la kila pingili linajumlishwa kadiri mnyororo unavyozunguka gia yenye meno 20, mwisho mnyororo unapanda juu ya meno na kuruka, na gia ya plastiki inalika ndani ya muda mfupi.

Halafu tazama uso wa pingili unaokanyaga ardhi. Ukiona vijino vya umbo la V, hiyo ni minyororo yenye meno ya barafu, iliyokuja baada ya 131 kutekwa. Za plastiki, kwangua kwa kisu chenye ncha bapa kama patasi, umalizie na msasa namba 400. Za chuma, tumia tupa bapa. Zote ni 192, kwa hiyo tengeneza kishikio cha mbao chenye nafasi ya pingili sita ili zote zikwanguliwe kwa kina kimoja. Ukikwangua moja moja mkononi, uso utakuwa wa mawimbi, na rangi ya vumbi itayaanika yote.

Magurudumu: kipenyo milimita 800, kwako 50 kamili. Hesabu yawe 24 kila upande, matatu kwa kila ekseli, maana baadhi ya seti hupunguza yale ya ndani yasiyoonekana kirahisi. Ya chuma ni 16 kila upande, kwa hiyo ukihesabu 16 ujue umepewa Tiger nyingine. Gurudumu la nyuma la kukazia mnyororo lilikuwa la milimita 700 (kwako 43.8), na la baadaye 600 (37.5). Watu wengi hulisahau hili. Tiger haikuwa na vigurudumu vya kurudishia mnyororo juu, hivyo mnyororo ulale juu ya magurudumu yenyewe. Ukikazwa ukawa umenyooka kama rula, umeharibu sura yote.

Kimo cha bodi kutoka ardhini ni sentimita 47, kwako milimita 29.4. Kipime baada ya kufunga minyororo, giaboksi na betri. Seti nyingi husimama juu zikiwa tupu kwa sababu springi zimepangwa kubeba uzito huo. Anayekata springi mapema hujikuta na kifaru kilicholala nyuma.

Kabla ya kununua gundi, soma maandishi madogo kwenye fremu za vipande. Ukikuta ABS, gundi ya kawaida ya modeli haitashika vizuri, utahitaji ya ABS au supaglu. Bodi ya chini ikiwa ya chuma, tumia epoksi ya sehemu mbili, na ukwaruze kwa msasa namba 240 kwanza. Fila ya lakeri ya kuzibia nyufa hupasuka kwenye mtetemo wa mota, kwa hiyo weka pati ya epoksi.

Madigadi ya seti huwa na unene wa milimita 1.5. Zidisha mara 16 utapata 24, karibu unene wa paa la mnara lenyewe, milimita 25! Yabadilishe kwa bati la shaba la 0.2. Bati hilo pia linakubali kupindwa pembeni kidogo, na ndivyo yalivyokuwa vitani.

Mipira ya Feifel, ile inayopita juu ya sitaha ya injini, karibu kila seti huitoa kama bomba laini. Chukua waya wa solda wa kipenyo unachokiona pichani, uzungushie waya wa shaba wa 0.3 ukigusana pindo kwa pindo, paka supaglu nyembamba upande wa chini tu, kisha pinda. Ukipaka gundi pande zote kabla ya kupinda, mapindo yataachana kwenye kona. Solda hubaki ilivyopindwa, haichomoi vishikizo vyake.

Mishono ya kuchomelea: chimba mfereji, laza uzi wa plastiki wa 0.75, paka gundi ya maji, subiri ulainike, kisha bonyeza kwa ncha ya duara ukirudi nyuma nusu ya alama iliyotangulia. Mabomba ya moshi yalirusha makopo ya milimita 90, hivyo tundu la ndani liwe 5.6.

Kuhusu picha: kifaru chenyewe kipo Bovington, kwenye makumbusho ya vifaru Uingereza, na kila mtu hukimbilia hapo. Kipende, lakini kumbuka kilipelekwa Uingereza 1943, kikafunguliwa kuchunguzwa, na kikakarabatiwa kwa miaka mingi hadi kikatembea tena. Umbo la bamba na mishono nakili kutoka hapo. Vifaa vya nje, madigadi na uchakavu, fuata picha za Tunisia za 1943. Usisahau kovu la risasi chini ya mzinga, ile iliyodunda hadi kwenye shingo ya mnara ukakwama. Lichonge kwa kekee ya duara, uinue ukingo kwa pati.

Namba 131 ni nyekundu yenye ukingo mweupe: kombania 1, platuni 3, kifaru 1. Ipake kwa stensili, nyeupe kwanza na nyekundu juu yake, kabla ya rangi ya vumbi. Stika ya karatasi kwa ukubwa huu inaonyesha kingo zake hata ukipaka vanishi mara tatu.