Usihesabu Magunia, Hesabu Siku: Niliyojifunza Nikileta Mzigo Lamu

Wiki iliyopita alinijia dukani kijana wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu mjini, ametoka chuo Mombasa, anataka kufungua duka la vyakula. "Shikamoo, ami." Nikamwitikia, nikamvutia kiti. Mtaji anao kidogo, chumba kashapata, rafu ziko kwa fundi. Nikamuuliza swali moja tu: sukari ikikuishia leo, itachukua siku ngapi mpaka mfuko mwingine uingie stoo yako?

"Siku moja, ami. Lori likitoka Mombasa alfajiri, jioni liko Mokowe."

Hakusema uongo. Hiyo ndiyo safari ya lori, nalo huishia Mokowe upande wa bara, sisi tuko kisiwani. Ila mimi nilimuuliza safari ya sukari, na hizo ni safari mbili tofauti. Nami nilipoanza nilijibu vilevile, ikanigharimu.

Vyuoni wanaita somo hili usimamizi wa mnyororo wa ugavi. Jina zito, lakini maana yake ni kufuata bidhaa kutoka inakotoka hadi mkononi mwa mteja, pamoja na pesa na habari zinazokwenda nayo. Uchukuzi, yaani kubeba, kuhifadhi na kufikisha, ni kipande cha mnyororo huo. Hapa kwetu kipande hicho kina maji katikati, na ndicho kinachokula faida.

Basi nikachukua daftari, nikamwandikia safari ya mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50. Jumatatu napiga simu na kutuma pesa. Muuzaji wa jumla hawezi kutoa lori kwa mifuko yangu peke yake, anangoja maagizo ya wenzangu lijae. Jumatano linapakiwa. Linapita Kilifi, Malindi, Garsen, Witu, linafika Mokowe, na hapo barabara imekwisha. Mzigo unashushwa, unaingia botini, unavushwa, unapandishwa gatini Lamu, unapanda punda, unashuka stoo. Hesabu mikono: kupakia Mombasa, kushusha Mokowe, kutia botini, kutoa botini, kumpakia punda, kumpakua. Mara sita mfuko uleule unanyanyuliwa, na kila anayeunyanyua analipwa. Kila unaponyanyuliwa unaweza kuchanika, kulowa, au kupotea bila mtu kujua umepotelea wapi. Ndiyo maana mimi huhesabu mahali pawili, Mokowe kabla boti haijaondoka na gatini kabla punda hajapakiwa. Ukihesabu stoo tu, utajua umeibiwa lakini hutajua umuulize nani.

Kwa miezi mitatu niliandika kila agizo, siku niliyolipa na siku mzigo ulipoingia stoo. Mara nyingi ilikuwa siku 4. Mbaya kupita zote ilikuwa siku 9. Halafu kuna zile zisizo na hesabu. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipojaza Mto Tana, barabara ilikatika upande wa Gamba, na malori yakakwama huku na huku ya maji. Wakati huo hata mwenye pesa hakuwa na la kununua.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Kwa siku nauza mifuko 3 ya sukari, siku ya shughuli 4. Mwenye duka mgeni huzidisha siku 4 kwa mifuko 3, akapata 12, akasema stoo ikibaki mifuko 12 nitaagiza. Mambo yakienda sawa, mfuko wa mwisho unatoka siku mzigo mpya unapoingia, naye hujiona bingwa. Lori likichelewa mpaka siku ya 9, ana siku tano za kumwambia mteja "haipo", na mteja wa Lamu akiambiwa haipo hatembei mbali, duka la pili liko hatua kumi. Mimi nazidisha ile siku mbaya kwa yale mauzo makubwa: 9 mara 4, mifuko 36. Stoo ikifika 36, napiga simu siku hiyohiyo. Ile mifuko 24 ya tofauti ni akiba, ni bima yangu dhidi ya barabara, mvua na boti mbovu.

Ndipo kijana akaniuliza swali zuri kuliko langu: "Na pesa ya hiyo mifuko 24, ami, si imelala?"

Imelala, tena fofofo. Kwa hiyo usiweke akiba ya kila kitu. Sukari, mchele, unga wa ngano na mafuta ya kupikia, hivyo mtu akivikosa anahama duka, na akihama anahama na vyote alivyokuwa anunue. Biskuti na juisi ziache ziishe, hakuna aliyegombana na mwenye duka kwa ajili ya biskuti. Na unga usiurundike kama sukari. Joto na unyevu wa hapa huleta wadudu upesi, kwa hiyo ulioingia kwanza utoke kwanza, na mtoto wa duka aambiwe hivyo kila mzigo mpya unapoingia, maana mkono wake utakwenda kwenye mfuko wa mbele daima.

Saruji nisiisahau, maana ndiyo iliyonitia adabu. Mwaka wangu wa kwanza nilipata bei nzuri ya lori zima, nikaona nimewazidi wenzangu akili. Stoo niliyokodi ilikuwa karibu na ufuo, kodi rahisi, na mifuko niliipanga juu ya sakafu tupu. Bamvua ilipokuja, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, yakapanda mpaka mtaani, yakaingia chini ya mlango usiku. Hayakuwa mengi, kiasi cha kulowesha kisigino. Asubuhi safu ya chini nzima ilikuwa imekunywa, na baada ya siku chache mifuko 22 ikawa mawe yenye umbo la mto wa kulalia. Ile nafuu ya bei ikaishia hapo, na juu yake nikalipa hamali kuitoa. Leo mzigo wangu wote unakaa juu ya boriti, shubiri moja kutoka sakafuni.

Watu wa bara huniuliza, Lamu si mna bandari kubwa siku hizi? Tunayo. Gati ya kwanza ilianza kazi Mei 2021, kule Kililana, ng'ambo ya bara. Lakini ni ya meli kubwa na makontena, mengi ya kuhamishiwa meli nyingine. Sukari yangu bado inakuja kwa lori na kuvuka Mokowe.

Kitu kingine ambacho kijana hakukitarajia ni hofu. Ramadhani moja ulivuma uvumi kwamba tende zitaadimika. Wateja wakanunua maradufu. Mimi nikaona zinatoka haraka, nikaagiza mara tatu. Wenzangu mtaani nao hivyohivyo. Muuzaji wa Mombasa akaamini Lamu imezidi watu, akaongeza oda yake na bei juu. Baada ya Idi kila duka lina tende mpaka chini ya meza. Mmarekani Jay Forrester alilieleza jambo hili mwaka 1961, na wataalamu wanaliita athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Dawa yake niliyoipata mimi ni nyepesi. Kila Ijumaa namtumia muuzaji wangu kwa WhatsApp nilichouza wiki ile, si nilichoogopa. Naye amekuwa akiniwekea mzigo hata kabla sijaomba.

Wala tusidhani elimu hii ni ngeni kwetu. Mabaharia wa zamani walikuja na kaskazi wakileta tende na mazulia, wakarudi na kusi wamesheheni boriti za mikoko za kujengea nyumba Arabuni. Muda wao wa kungoja ulikuwa upepo ugeuke, na aliyechelewa kupakia alikaa hapa miezi. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Mwaka huohuo, kwa bahati tu, mshauri wa biashara Keith Oliver aliongea na gazeti la London akalitumia lile jina zito la mnyororo wa ugavi.

Kabla hajaondoka kijana aliona ukutani kalenda mbili, akadhani moja ni ya swala. Ile ya Kiislamu ndiyo ratiba yangu ya kisiwa cha Pate. Nina wateja huko, Faza na Siyu, na boti yao lazima ipite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari ambao maji yakipwa haupitiki na mzigo. Maji yanafuata mwezi. Karibu na tarehe 1 na tarehe 15 ni bamvua, maji hupwa mno katikati ya asubuhi, boti itoke alfajiri au ingoje alasiri. Karibu na tarehe 7 na 22 ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, asubuhi maji yapo. Mteja wa Faza akinipigia, nauliza kwanza mwezi mwandamo ni tarehe ngapi, ndipo namwambia mzigo utafika lini.

Kijana akatoa simu akaipiga picha ile kalenda. Nikamwambia picha haitamfaa mwakani, aje nimpe nyingine.